Maneno Ishirini na Manne ya Mzee Tokuji

Mtaa mzima pale Matsue, Japani, ulijua kichekesho hiki: fundi aliyebandika karatasi mpya kwenye milango ya kusukuma kando ya mahekalu na nyumba za chai, kwake mwenyewe milango ilikuwa imechanika mpaka paka anapita. Huyo ndiye mzee Kadowaki Tokuji. Ukimcheka anakujibu, "Nyumba yangu hainilipi."

Binti yake wa pekee, Chizuru, alikuwa mpishi wa shule. Asubuhi alipikia watoto mia tatu, alasiri akampikia baba yake gundi ya wanga wa ngano, na hivyo ndivyo alivyoishi miaka thelathini. Alichuja gundi, alikata karatasi, alibandua karatasi kuukuu za wateja. Mzee alikuwa mkali kwelikweli. "Ukiichana utanitambua! Lowesha, kanywe chai, ndipo urudi." Lakini watu wakimuuliza nani atarithi ufundi, alijibu palepale mbele ya binti yake, "Hakuna. Huyu ananisaidia tu." Neno hilo lilimkata maini Chizuru, naye akaendelea kukoroga gundi.

Mzee alifariki Februari. Ibada ya siku ya arobaini na tisa ilipokwisha, Chizuru alikwenda kwa Bwana Adachi, mshauri wa kodi, akiwa na hati ya nyumba na simu ya marehemu.

"Kazi yako, Bi Kadowaki?" Adachi aliuliza, kalamu juu ya fomu ya kodi ya mirathi.

"Mpishi wa shule."

Akaandika. Nyumba peke yake, alisema, haifiki kiwango cha kutozwa. Kisha akaifungua simu, akaisogeza karibu na macho.

"Hizi sarafu za kidijitali ulikuwa unazijua?"

"Sarafu gani tena? Baba hakujua hata kutuma picha!"

"Basi alijua kufunga mdomo."

Kumbe miaka kumi nyuma kijana mmoja mgeni alifungua nyumba ya wageni, mzee akamtengenezea milango thelathini, kijana akaishiwa na kumlipa kwa sarafu hizo. Wakati huo zilitosha kununua baiskeli. Siku mzee alipokata roho zilikuwa na thamani ya nyumba tatu kama yake. Ujumbe uliobaki simuni ulionyesha yote hayo, ila bila maneno ya siri ishirini na manne ya kuzifungulia, simu haikutoa hata yeni moja.

"Kama hazitoki, si zangu," alisema Chizuru.

"Kwa sheria umeshazirithi. Unatozwa kwa bei ya siku ile aliyofariki, uwe na maneno usiwe nayo. Una miezi kumi tangu msiba."

"Jamani! Nilipie kitu nisichoweza hata kukigusa?"

"Mimi sikuitunga sheria, dada yangu. Laiti mzee angetuachia hata kikaratasi!"

Chizuru alipekua makopo ya chai, mifuko ya makoti, droo za madhabahu ya mababu. Hakupata kitu. Akiba yake ya mshahara wa jikoni haikufika hata robo ya kodi. Ilibaki kuuza nyumba, pamoja na karakana na sufuria ya gundi, na alilia kwa hasira zaidi kuliko huzuni. Novemba akamwita dalali wa nyumba.

Dalali alipima huku akiguna. Mikeka ya tatami ya sakafuni imeoza, alisema, milango ni ya kutupa. Alipofika kwenye kabati kando ya madhabahu aliusukuma mlango, ukateleza bila kelele.

"Angalau huu mzima. Huu alimpa fundi gani?"

Chizuru akaduwaa. Mlango ule mzee aliubandika mwenyewe, ndio pekee wa nyumbani kwake aliowahi kuushughulikia. Alikumbuka alivyomtania siku ile, "Leo jua limechomozea wapi?" naye akafokewa, "Nyamaza, koroga!" Gundi ilikuwa masalio ya ile milango thelathini ya kijana wa sarafu.

"Bwana, nenda zako," alimwambia dalali.

"Sijamaliza kupima."

"Umemaliza. Ahsante sana. Viatu vyako vile pale."

Aliung'oa mlango na fremu yake, akaulaza sakafuni, akaulowesha kwa brashi. Mikono ilitaka kurarua. Akaenda kunywa chai. Chai ilikuwa chungu na aliinywa yote. Aliporudi tabaka la juu la karatasi lilikubali kubanduka, la pili nalo, na la tatu, lililoshikwa kingoni tu, likanyanyuka zima. Chini yake, kwa wino wa masizi usioogopa maji, yalikuwa maneno yamepangwa kwa namba, moja hadi ishirini na nne. Mwandiko wa mzee, umelala upande kama kawaida yake. Angeivuta karatasi kwa pupa, angeyakata katikati.

Adachi alikuja mbio, tai yake ya shingoni imerukia begani. Chizuru aliyaingiza maneno taratibu kwa vidole vyenye gundi, Adachi akihakiki moja moja.

"Imefunguka! Bi Kadowaki, imefunguka! Unalipa kodi, na chenji inabaki. Nyumba huuzi!"

Chizuru alikuwa ameinamia ukingo wa chini wa ile karatasi, mahali ambapo mafundi huandika majina yao pasipoonwa na mteja. Palikuwa na tarehe, kisha mistari miwili.

Fundi: Kadowaki Tokuji.

Fundi: Kadowaki Chizuru.

"Mzee mjeuri wewe," alisema, machozi yakimdondoka kwenye karatasi iliyokuwa imelowa tayari. "Miaka kumi! Ungekufa kwa kulitamka mara moja tu?"

Adachi alisubiri, akajifanya anatafuta kitu mkobani. Hatimaye Chizuru alijifuta kwa mkono wa nguo.

"Ile fomu unayo hapo?"

"Ninayo. Kuna kosa?"

"Hapo ulipoandika mpishi, futa. Andika fundi wa milango."