Jicho la Ndugu Yangu na Kamati ya Kiwanda

Watu wa Rangwe husema nina mdomo wa moto. Sawa, waseme. Nauza ugali na samaki hapo sokoni, na asiyetaka kelele zangu akale kwingine. Lakini kelele nilizopiga mwaka ule wa uchaguzi hazikuwa za mteja aliyekula akatoroka. Nilikuwa natafuta jina la mtu mmoja tu: yule aliyemtoa ndugu yangu jicho siku tuliyokuwa tunamzika baba yetu.

Kwetu nilikozaliwa ni upande wa Migori, kwenye miwa. Ukisimama uani kwa baba, unaona miwa, na nyuma ya miwa unaona moshi wa kiwanda. Kiwanda ndicho kinachonunua, ndicho kinacholeta trekta, ndicho kinachosema miwa yako itakatwa lini. Mwaka ule kikaja na jambo jipya. Wakubwa wake waliunda kamati yenye jina refu la Kiingereza, sisi tukaiita tu kamati. Wafanyakazi walikuwa wanakatwa kidogo kwenye mshahara, wakubwa wanaongeza chao, halafu kamati inawapelekea hizo pesa wagombea walio marafiki wa miwa. Ati kwa hiari! Jirani yetu aliyekuwa fundi pale alijaribu kuikataa hiyo hiari, akatupwa zamu ya usiku mpaka akaenda kuomba msamaha.

Kiti cha ubunge kilikuwa na watu wawili wa kuogopwa. Mmoja alikuwa mbunge wa zamani, anataka kurudi. Mwingine alikuwa mpya, msomi, anasema vizuri. Ndugu yangu, kitindamimba wa nyumba yetu, ndiye aliyekuwa kiongozi wa vijana wa huyu mpya. Alimpenda yule mtu vibaya sana. Akija kwangu Rangwe anakula huku anahubiri: "Dada, huyu ndiye atatutoa mikononi mwa kiwanda." Namwambia, "Kula kwanza, ukombozi baadaye." Nilisema hivyo kwa sababu kampeni zilikuwa zimeshafika kwenye mawe. Hawa wakiweka mkutano, wale wanarusha mawe. Wale wakipita na magari, hawa wanachoma matairi barabarani. Nilimsihi aache. Kwani alisikia? Sikio la kufa halisikii dawa.

Katikati ya hayo baba akafariki, usingizini, kwa uzee tu.

Baba alikuwa na wajukuu na vitukuu, na mzee wa namna hiyo kwetu hazikwi kimya kimya. Wanaume wa ukoo hujifunga majani, huchukua mafahali, mikuki na marungu, na kwenda mbali kukifukuza kifo. Tunaita tero buru. Wakirudi hurudi mbio, na filimbi na pembe na vumbi, wanamsifu marehemu huku wanapigana na hewa, na wanawake huwakimbilia langoni kwa vilio. Mgeni angedhani ni vita. Sisi hatuogopi hata kidogo, maana rungu kwenye matanga ya mzee ni heshima yake.

Wanaume wetu walitoka mapema siku ile. Yule mgombea mpya alitarajiwa mchana kuja kutoa rambirambi, na tayari watu wake walikuwa wamening'iniza picha yake kwenye hema, karibu na jeneza, jambo lililoniudhi sana lakini nikanyamaza. Nilikuwa jikoni nyuma ya nyumba na mwiko mkononi. Nikasikia filimbi kutoka barabarani, na pembe, na miguu mingi. Shangazi yetu, dada ya baba, ambaye sisi tunamwita waya, akapaza sauti: "Wamerudi! Fungueni!" Lango likafunguliwa lote. Ndugu yangu akakimbia mbele kuwapokea, mikono juu, hana hata fimbo.

Hawakuwa wetu. Walikuwa vijana wa mbunge wa zamani, wamevua zile tisheti zao za kampeni, wamejifunga majani kama waombolezaji, na filimbi za matanga mdomoni. Wala hawakubahatisha. Ni watoto wa kule kule kwetu, wamezika babu zao vile vile, walijua tutawafungulia. Hilo ndilo linalonichoma mpaka leo kuliko damu yenyewe. Waliingia kwetu kwa mlango wa msiba, na waya akawapigia ukemi wa kuwakaribisha.

Marungu yao yalikuwa na nati za trekta kichwani, zile kubwa za chuma. Nilitokea pembeni mwa nyumba nikiwa bado nashangaa mbona hakuna mafahali, nikamwona ndugu yangu amesimama mbele yao. Rungu likashuka. Mlio wa mfupa ni mkavu sana, ukishausikia huusahau. Alishika uso, damu ikatoka katikati ya vidole, akageuka kutafuta nyumba, akapigwa tena kisogoni. Akaanguka kifudifudi kwenye nyasi ambazo mimi mwenyewe nilizifagia asubuhi.

Baada ya hapo sina mpangilio mzuri wa mambo. Waling'oa nguzo za hema, hema likawaangukia wazee waliokuwa wamekaa. Mchungaji alipigwa mgongoni na kiti. Waya alisukumwa juu ya kuni zenye moto, na mkono wake ukaungua mpaka kwenye kiwiko. Mtu mmoja aliangukia viti vilivyobeba jeneza, baba akaenda chini, kifuniko kikafunguka. Nikamwona baba yangu, suti yake ya kanisani imejaa vumbi, uso umelalia upande. Nikaona giza.

Wanawake wa jikoni ndio waliopigana kwanza. Sufuria ya mchuzi unaochemka ilimwagwa yote kwenye miguu ya watu. Mimi nilimpata mmoja aliyekuwa anapekua mikoba ya waombolezaji, nikampiga na mwiko wenye ugali wa moto shingoni. Akalia, "Mama!" Nikamwambia, "Mama yako leo ni mimi!" nikampiga tena, na tena, mpaka mwiko ukavunjika. Nilifurahi. Sitadanganya mtu, nilifurahi sana.

Ndipo wanaume wetu wakarudi kweli, na mafahali na mikuki. Ile mikuki ya kufukuza kifo ikafukuza watu. Kijana mmoja alichomwa paja, wenzake wakamburuta mpaka kwenye lori lililokuwa linawangoja, na wakaondoka wakiimba jina la mbunge wao. Tulimrudisha baba kwenye jeneza, tukampangusa na leso, tukamzika haraka haraka bila hotuba. Mgombea mpya alipiga simu akasema anasikitika, barabara si salama.

Ndugu yangu tulimpeleka Homa Bay, kwa sababu walisema daktari wa macho yuko huko. Alikuwa anaongea njia nzima, anauliza kama mgombea wake amefika. Daktari alitoka akaniambia jicho la kulia limepasuka na lazima liondolewe, wasipoliondoa litaharibu na hilo lingine. Nikamuuliza, "Hakuna namna?" Akasema, "Dada, hakuna." Nilikaa chini sakafuni kwenye ile veranda, nikalia mpaka kamasi.

Alipokuwa bado wodini, akaja mwanamume mmoja mnene, mpole, mwenye shati la nembo ya kiwanda. Alikuwa na mfuko wa matunda na maziwa. Akasema yeye ni wa kamati na wamehuzunishwa sana.

"Kamati ipi?" nikamuuliza. "Hii ya kuchangia wagombea?"

"Hiyo hiyo, mama. Haina siri. Tunasaidia viongozi marafiki wa miwa."

"Mlimsaidia nani? Wa zamani au huyu mpya?"

Akatabasamu, maskini, alidhani ananipa habari njema. "Wote wawili, mama. Sisi hatubagui. Yeyote atakayeshinda ndiye tutakayekwenda kwake kuomba barabara na kuzuia sukari ya nje. Kwa hiyo tuliwapa wote mafuta ya magari, na chakula cha vijana."

"Na lile lori lililokuja kwa mazishi ya baba?"

"Lori tunakodisha tu kwa kampeni. Hatuwezi kujua linakwenda wapi."

"Na zile nati?"

"Nati huibwa kila siku pale karakana, mama. Kiwanda hakijampa mtu rungu."

Nilimvunjia pakiti ya maziwa usoni. Nesi akaja mbio. Nikachukua ule mfuko wa matunda nikampiga nao kichwani, embe moja likapasukia kwenye ile nembo, nikamfukuza mpaka langoni nikimtukana kwa Kijaluo na kwa Kiswahili. Askari wa lango alinishika mikono, lakini nilimwona anacheka. Ndugu yangu alikuwa macho wakati wote huo, amefungwa bendeji, akageukia ukutani. Nilidhani amechoka.

Kuanzia siku ile nikaacha habari za wakubwa. Nitamshtaki nani, kiwanda? Nikasema basi, nipate mmoja tu. Nipate yule aliyeshika lile rungu, asimame mbele ya hakimu, aulizwe jicho liko wapi. Nilienda kituo cha polisi nikaandikisha, nikarudi, nikarudi tena. Nilifunga hoteli siku za soko nikipanda kwenda Migori kuuliza watu. Kila mtu aliona vumbi. Kila mtu alikuwa amegeuka upande mwingine. Afisa wa upelelezi, mtu mwenye subira, aliniambia, "Mama, mimi sina shida ya kumkamata. Niletee jina. Aliyekuwa uso kwa uso naye ni ndugu yako."

Na ndugu yangu alikuwa anasema hakuona.

"Hukuona vipi na ulikuwa na macho mawili?"

"Sikuona, dada. Niache."

Uchaguzi ukaja ukapita. Mmoja wao akashinda, na kiwanda kikampongeza redioni asubuhi hiyo hiyo. Naamini tangazo la yule mwingine lilikuwa tayari pia. Ndugu yangu alikuwa amehamia kwangu Rangwe kwa sababu kule nyumbani alikuwa anaamka akipiga mayowe. Wale marafiki zake wa kampeni hawakuja kumwona, wala yule mheshimiwa wake. Kila asubuhi kabla sijafungua hoteli nilimwosha lile tundu la jicho kwa maji ya chumvi na pamba, polepole, kama daktari alivyonionyesha. Mwanamume mzima, ndevu kidevuni, kichwa chake juu ya mapaja yangu.

Asubuhi moja nilikuwa na hasira zangu. Afisa alikuwa amenipigia simu kwamba faili itafungwa. Nikamwambia, "Leo utanipa jina au utatoka nyumbani kwangu. Nimetukanwa kwa ajili yako. Waya mkono wake umekauka. Baba alilala kwenye vumbi. Na wewe unamficha mbwa aliyefanya hivi?"

Akasema, "Namjua."

"Nani?"

"Tulikutana kwenye karakana ya kiwanda. Mimi nilikuwa nimeenda kuchukua mzigo wa upande wetu. Yeye alikuwa amekuja kuchukua wa upande wao. Siku moja, mlango mmoja."

"Mzigo gani?"

"Mafuta. Chakula cha vijana. Na hizo nati, kuna mtu wa pale alikuwa anatugawia, wao na sisi. Tulikaa tukala pamoja tukisubiri. Sahani moja, dada. Ni mtu mzuri, anachekesha."

Nilikuwa nimeshika pamba, maji yananitiririka mpaka kiwikoni. "Kwa hiyo ulijua? Siku zote ulijua kamati inawapa wote?"

"Nilijua."

"Na ulikuwa unanihubiria hapa mezani kwangu."

Nikamwambia vizuri, tutakwenda kituoni leo hii, utamtaja, hayo mengine Mungu ataamua. Akatikisa kichwa juu ya mapaja yangu.

"Nikimtaja, na yeye atanitaja."

"Akutaje kwa nini? Wewe ulipigwa!"

"Hiyo ilikuwa kulipiza. Sisi tulikuwa tumekwenda kwao kabla baba hajafa. Tulikuwa tunamtafuta yeye, hakuwepo. Mama yake akashika mlango, akakataa kutoka." Alifumba lile jicho lililobaki. "Yule mama hatembei tena, dada."

"Nani alimpiga?"

Nje wateja walikuwa wameanza kugonga meza wakiitisha chai. Nikamuuliza tena, kwa sauti ndogo ambayo hata mimi sikuijua, ni nani kati yao aliyempiga yule mama.

"Ni mimi," akasema.

Mkuki kwa nguruwe mtamu. Nilitaka kumwambia hivyo, nikashindwa kufungua mdomo, mimi ambaye Rangwe yote inanijua. Nilitaka kumsukuma aanguke sakafuni. Kichwa chake kilikuwa kizito na cha moto, na lile tundu lilikuwa wazi linangoja, na lisipooshwa linaoza. Nikachovya pamba kwenye maji ya chumvi, nikaendelea kumwosha, na siku hiyo mkono wangu haukuwa mpole. Hakulia, wala hakuniomba nipunguze.