Mabasi ya Baba na Foleni ya Mpemba

Baba alirudi Tunduma, mpakani na Zambia, na mvi kichwa kizima, baada ya kuendesha mabasi ya mji Dar es Salaam karibu umri wake wote wa kazi. Alianzia kwenye yale marefu yenye kiungo katikati, ambayo watu wa Dar waliyaita kumbakumba, mali ya shirika la mji. Shirika lilipodhoofu akahamia kwenye chai maharage, yale magari ya mabenchi ya kutazamana, kisha kwenye vipanya vidogo, kisha kosta za watu binafsi. Kila aina aliiona ikija mpya na kila aina aliiona ikiozea gereji. "Basi haliuawi na barabara," alikuwa akituambia. "Linauawa na ukosefu wa vipuri." Aliamini kwamba mtu mwenye vipuri na nidhamu anaweza kuupa mji wowote mabasi yake, hata mji wetu.

Mji wetu haukuwa na basi. Mtu wa Mpemba au Chapwa, kando ya barabara ya Mbeya, aliyetaka kufika mpakani alitembea, au alisimama barabarani akipungia magari ya kutoka Mbeya, ambayo yakimwona hana mzigo yalipita bila kupunguza mwendo. Baba alilitazama jambo hilo kwa muda, kisha akaenda kuzungumza na jirani yetu, mzee wa Kondoa aliyekuwa na duka la matairi na vipuri njia panda ya Sumbawanga. Yeye alikuwa Mwislamu na sisi ni Wamoraviani, lakini mama yangu na mke wake walikuwa wakipikiana sikukuu zote. Mimi nilimwita baba mdogo. Walikubaliana hapo hapo, juu ya lundo la matairi: Baba atoe akiba yake na ujuzi, baba mdogo atoe vipuri na sehemu ya mtaji.

Wakanunua kosta nne Dar, zilizokwisha kutumika. Zilipofika tulizipiga rangi nyeupe na mstari wa kijani ubavuni, lakini moja ilikuwa bado inaonyesha maandishi ya zamani ya njia yake ya Dar chini ya rangi, "Mbagala Rangi Tatu", na watoto wa mtaa wa Sogea walikuwa wakiipigia kelele, "Mbagala hiyo, Mbagala!" Mimi nilikuwa nimemaliza kidato cha nne bila kufaulu. Baba akanipa mimi binti yake mkoba wa ngozi akasema, "Mama, wewe utakuwa konda." Sikuwahi kumwona konda mwanamke hapa kwetu. Wanawake wa sokoni walinipenda kwa sababu sikuwasukuma, nami nilisubiri mpaka beseni la dagaa likae vizuri ndipo nigonge bati dereva aondoke.

Jambo moja tu liliwagombanisha Baba na mwenzake, nalo ni kuondoka. Magari yote ya abiria hapa huondoka yakijaa. Baba aliondoa basi saa ikifika, hata kama kuna abiria wawili.

"Ndugu yangu," baba mdogo alimwambia siku moja mbele yangu, "unasafirisha viti."

"Leo nasafirisha viti," Baba akajibu. "Wakijua linaondoka kweli, watakuja."

Na walikuja. Hilo nataka lieleweke, kwa sababu sasa watu husimulia kana kwamba lilikuwa wazo la mzee aliyechanganyikiwa. Walimu wa Chapwa walikuja, manesi walikuja, wauza vitenge wanaovuka kwenda Nakonde, upande wa Zambia, walikuja, na Wazambia wanaokuja kununua mchele walijifunza kituo chetu; walikuwa wakipanda wakinisalimu kwa Kibemba, "Mulishani" nami nawajibu "Bwino." Kuna mama wa Mpemba aliniambia kwamba kwa mara ya kwanza alimwahidi mtu saa ya kukutana, na yeye mwenyewe akafika kwa saa hiyo. Baba aliposikia hilo akajifanya anakagua tairi.

Kisha ikaja foleni.

Malori yalikuwepo tangu zamani, lakini yalikuwa yanavuka. Taratibu yakaanza kutovuka. Mara mtandao wa forodha uko chini, mara upande wa pili kuna mgomo, mara hakuna anayejua sababu. Foleni ikafika Sogea, ikafika Chapwa, na kuna misimu ilifika Mpemba na kuipita, malori ya shaba upande huu na ya mafuta upande ule, madereva wakipika ugali chini ya matela na kuanika nguo kwenye vioo. Pembeni mwa barabara, pale ambapo basi lingeweza kupita, wamachinga walikuwa wamepanga meza za viatu na matunda. Nao wangekwenda wapi?

Basi letu liliingia katikati ya malori na kusimama. Mwanzoni abiria walivumilia. Baadaye nilianza kusikia sauti ambayo niliizoea kuliko wimbo: "Konda, nishushe hapa hapa, nichukue boda." Bodaboda walipita kati ya malori kama maji yanavyopita kwenye mawe. Walikuwa wakituzunguka basi likiwa limesimama, wakiwaita abiria wetu kupitia madirishani, na sikuweza kuwalaumu. Mtu mwenye mgonjwa au mwenye kibarua angekaa ndani akitazama mlango wa lori?

Baba alijaribu kila kitu. Alibadilisha saa za kuondoka. Alitafuta njia ya nyuma kupitia mitaani, ikakubali kiangazi na kukataa masika. Alikwenda ofisi za halmashauri ya mji kuomba barabara iachiwe upande mmoja kwa magari ya abiria, nami nilimsindikiza. Afisa aliyetupokea alikuwa kijana mwenye adabu. Alimsikiliza Baba mpaka mwisho, akamwamkia tena, akasema, "Mzee, hata mimi nakuja kazini kwa bodaboda."

Tulipotoka nje Baba alisimama kwenye ngazi. "Vipuri ninavyo," alisema. Hakuwa ananiambia mimi.

Madereva wetu ndio waliotangulia kuondoka. Walikuwa wazuri, Baba amewafundisha mwenyewe, kwa hiyo wenye malori waliwataka. Mmoja baada ya mwingine walikwenda kuendesha kuelekea Kongo, wakawa sehemu ya ile ile foleni. Tuliwapita wamekaa kwenye viti vya juu, wakatupungia kwa aibu. Kisha zikaja bajaji, ambazo nazo zilipenya. Kosta mbili tuliziuza kwa watu wa Momba wabebe abiria wa mnadani. Ya tatu tuliifungua vipuri kuhudumia ya nne. Baba mdogo alipougua kisukari watoto wake walikuja kumchukua Kondoa. Walipoagana, alimshika Baba mkono akasema, "Hatukukosea." Baba akatikisa kichwa kukubali. Walizungumza kwa simu mara nyingi, kisha mara chache, kisha mtoto wake akawa ndiye anayepokea.

Basi lililobaki likawa la misiba. Watu hukodi basi kuukuu kusafirisha mwili na waombolezaji, kwa sababu hakuna anayeharakisha kaburini. Baba aliendesha mwenyewe, mimi nikihakikisha watu wamekaa. Tulizika Mbozi, tulizika Kamsamba, tulizika vijiji ambavyo sikujua vipo.

Safari ya mwisho ilikuwa ya Ibaba, juu kabisa Ileje. Marehemu alikuwa bibi mmoja aliyeuza maharage soko la Tunduma, na wanawe walitaka alale kwao. Tulitoka asubuhi, jeneza limewekwa nyuma ambako viti viliondolewa, kina mama wakiimba. Lami ilipokwisha mvua ilianza. Ule mlima wa kuelekea Ibaba una udongo mwekundu unaoteleza kama sabuni. Basi lilipanda kidogo, likanguruma, likarudi nyuma kidogo, likapanda tena. Kisha nikasikia kitu kimevunjika chini yetu, kishindo kimoja kikavu, na injini ikawa inazunguka bila kusukuma chochote.

Baba alivuta breki, tukaweka mawe chini ya magurudumu. Mtoto mkubwa wa marehemu alikuja dirishani.

"Mzee, litatoka?"

Baba alishuka, akalala chini kwenye tope akatazama. Alipoinuka alikuwa mwekundu mgongo mzima. "Halitatoka," akasema. "Nisamehe, mwanangu. Mama yako nimemwacha njiani."

"Hujamwacha, mzee. Kwetu si mbali."

Wanaume walilichukua jeneza mabegani. Kina mama walivua viatu. Wimbo uliendelea kupanda mlimani, ukakatika kwenye kona, ukasikika tena juu zaidi. Nilimwomba Baba twende nao tukazike, akakataa. Alirudi kukaa kwenye kiti chake, mikono juu ya usukani, maji ya mvua yakimtiririka. Nilikaa kiti cha konda karibu na mlango. Tulikaa hivyo mpaka wale waombolezaji waliporudi kutupitia jioni, wamechoka, wakatupa ugali na maharage yaliyobaki msibani, wakaenda kutafuta usafiri wa kuwashusha.

Tulirudi Tunduma kwa pikipiki ya mtu. Baba alisema atapeleka fundi. Kipuri kilichovunjika kilikuwa cha aina ambayo haikuagizwa tena, na duka la baba mdogo sasa lilikuwa linauza simu. Alipofanikiwa kupata kilichofanana nacho na kupanda Ibaba, alikuta basi halina betri, halina vioo, halina viti. Hakuuliza chochote kijijini. Masika iliyofuata ukingo wa barabara ulimomonyoka, basi likaingia korongoni. Walioliona wanasema majani yamelifunika.

Mimi sasa ninabadilisha kwacha za Zambia kwa shilingi karibu na geti la mpaka. Ninapanda bajaji kwenda na kurudi, kama watu wote. Baba anakaa uani. Mwaka huu diwani alipita mitaani akisema mji utaletewa mabasi yake, makubwa, ya kisasa, nami nikakimbia nyumbani kumwambia.

Alikuwa anamenya mihogo. Aliendelea kumenya.

"Yatapita wapi?" akauliza.

Akanipa kisu kingine, nikakaa nikamsaidia kumenya.