Mkono Unaovuta

Akili ni nywele, kila mtu ana zake. Lakini mtaani kwao, nywele za wanawake wote zilikuwa za Mama Chanuo. Jina hilo alipewa kwa ajili ya chanuo la mbao alilolichomeka juu ya sikio tangu asubuhi hadi jioni. Kuna siku alilitafuta chumba kizima, akawainua wateja kwenye benchi ili achungulie chini, na chanuo lenyewe liko pale pale kichwani linamcheka.

Alisukia chumba cha mbele cha nyumba yake. Kulikuwa na kioo kimoja kizima na kingine chenye ufa, benchi la wanaosubiri, kigoda cha anayesukwa, na msumari ukutani uliobeba mafungu ya rasta kama mikia ya farasi. Marehemu mumewe ndiye aliyetoboa mlango wa barabarani. Alisema, "Riziki yako ipite mbele, mimi nitapita nyuma." Mungu amrehemu.

Sasa, kinyozi hajinyoi, na msusi naye hajisuki. Kwa hilo alikuwa na rafiki yake, Muuza Mayai, mjane mwenzake, mwenye maneno mengi kuliko mayai yake. Mwaka mzima Mama Chanuo ndiye aliyemsuka. Kila mwaka, siku ya mwisho kabla ya sikukuu, mteja wa mwisho akishatoka, Mama Chanuo alirudisha mlango, wakasukana. Alianza yeye kumsuka mwenzake, kwa ufundi wake wote. Kisha wakabadilishana, na hapo ilikuwa vichekesho, maana Muuza Mayai hakujaliwa mkono wa kusuka. Mistari yake ilipinda kama njia ya panya aliyefukuzwa. Na bado Mama Chanuo aliingia nayo kwenye ibada ya sikukuu, shingo juu.

"Msusi mzima, kichwa gani hicho?" watu walimuuliza.

"Hiki amekisuka mwenzangu," alijibu, na hakuna aliyeweza kumwondolea fahari hiyo.

Mwaka huo mambo yalibadilika nyumbani. Mwanawe wa pekee, fundi wa kuchomelea vyuma, alioa. Zamani kijana huyo akitoka kazini aliingia kwa mlango wa barabarani, akachungulia na kuuliza, "Mama, kuna nini leo?" Siku hizi alipita nyuma moja kwa moja, na kifuko mkononi. Kifukoni mna nini? Mama Chanuo hakujua, na kutokujua huko kulimtafuna kama mchwa.

Mkamwana mwenyewe hakuwa na neno. Aliamka mapema, akafagia nywele zilizoanguka bila kuambiwa, akaitika "abee mama" hata kabla hajaitwa vizuri. Lakini jicho la wivu halioni jema. Akinyamaza, ana kiburi. Akicheka, anacheka nini? Siku moja binti aliokota chanuo lililodondoka, akaligeuzageuza mkononi.

"Liweke chini," mama mkwe alimwambia. "Kazi yako hapa ni ufagio."

Binti akaliweka.

Basi msimu wa sikukuu ukaingia, benchi likajaa. Asubuhi moja Muuza Mayai alileta trei yake kama kawaida, amejifunga kitambaa mpaka kwenye nyusi. Alipoinama kuiweka trei, kitambaa kikateleza.

Mama Chanuo aliona. Mistari myembamba, iliyonyooka, na nyuma ya sikio ncha zimekunjwa ndani taratibu ili zisichome shingo. Kazi safi. Na haikuwa yake.

"Jua kali leo," Muuza Mayai alisema, akijifunika upesi.

"Kali kweli," alijibu Mama Chanuo, na mate aliyomeza yalikuwa machungu kama shubiri.

Hakuuliza. Angemuuliza nini? Mwanamke akimkuta mumewe na harufu ya manukato mageni ana la kusema, na watu watamwelewa. Lakini rafiki aliyesukwa na mwingine? Ungeanzia wapi hata kumweleza mtu? Usingizi ukampaa. Aliomba dua zake, na katikati ya dua akajikuta anamwuliza Mungu, "Ni nani huyo anayekunja ncha namna ile?" Mkono ule ni kama aliwahi kuuona mahali, lakini wapi?

Shaka lake lote likaangukia saluni ya pembeni, ile yenye taa za rangi na muziki. Akajitengenezea safari ya kwenda kuazima uzi.

"Uzi chukua, mama," alisema msusi wa pale, msichana wa kucha ndefu. "Lakini mbona unaangalia viti vyangu kama askari wa upelelezi?"

"Nimesikia Muuza Mayai siku hizi anasukwa hapa."

Msichana alicheka mpaka akashika mbavu. "Yule? Nilishamwita nimsuke bure kabisa! Aliniambia yeye ana mwenyewe."

Maneno hayo yangempoza mtu mwingine. Yeye yalimwongezea moto. Kama si hapa, basi ni mafichoni, na kinachofichwa kina sababu. Akarudi kwa wateja wake na vidole vya hasira.

"Mama Chanuo," mteja mmoja alilalamika, machozi yakimlengalenga, "unasuka au unang'oa mihogo?"

"Urembo una gharama yake. Tulia."

Siku ya mwisho kabla ya sikukuu ikafika. Mchana aliishiwa mafuta ya nywele, akawaacha wateja wakipiga soga, akaenda dukani. Kurudi aliona akate kwa nyuma, njia fupi. Ndipo akasikia kicheko uani, kicheko anachokijua kama sauti yake mwenyewe.

Muuza Mayai alikuwa amekaa chini kwenye mkeka. Nyuma yake, kwenye ndoo iliyopinduliwa, alikaa mkamwana, magoti mawili yamemkumbatia yule mama, kitana mkononi.

Chupa ya mafuta ilimponyoka Mama Chanuo.

"Huyu?" alisema. "Wote mjini wamekwisha, ukamwona huyu? Ndani ya nyumba yangu, mwenzangu?"

Binti aliinuka kama aliyechomwa. "Mama, nisamehe, mimi..."

"Wewe kaa kimya! Mwanangu umemchukua, sasa umefika na kwa rafiki yangu. Kimebaki nini? Chukua na chanuo basi!" Akalichomoa juu ya sikio, akalitupa mkekani.

Muuza Mayai alilitazama chanuo, akamtazama mwenzake. Upande mmoja wa kichwa chake ulikuwa umesukwa, wa pili umesimama kama ufagio wa chelewa.

"Umemaliza?" aliuliza.

"Sijamaliza."

"Basi utamalizia baadaye. Mwenzangu, wewe unavuta."

"Navuta nini?"

"Nywele! Mara ya mwisho uliponisuka nililala kifudifudi siku nzima, macho yamevutwa mpaka nikawa siwezi kufumba. Na usiniambie ni uzee. Mkono wako ulikuwa mwepesi mpaka mwanao alipooa. Unanisuka huku unamsema huyu binti, na kila ukimtaja, unavuta. Ukisema kifuko, unavuta. Ukisema ananyamaza kama paka, unavuta. Na siku hizi unamtaja kuanzia utosini mpaka kisogoni!"

Mama Chanuo alivitazama vidole vyake.

"Nilimwomba yeye anilegeze tu, nipate kulala," Muuza Mayai aliendelea, sasa kwa sauti ya chini. "Alipolegeza akarudishia vizuri. Nikaogopa kukwambia. Ndiyo kosa langu, na nimekuja leo nimeshindwa hata kukaa kwenye kigoda chako."

"Nani kamfundisha?"

Binti alijibu akiangalia miguu yake. "Ninafagia, mama. Huku nafagia, naangalia mikono yako. Siku ukiwa na furaha unakunja ncha kwa ndani."

Hapo ndipo Mama Chanuo alipoukumbuka ule mkono. Ulikuwa wake. Ncha hizo alikuwa hazikunji tena, hakujua tangu lini.

Alitamani kulia, lakini wateja walikuwa mbele. Akaliokota chanuo, akalipangusa kwa kanga, akarudi kazini. Alisuka vichwa vilivyobaki polepole, na yule wa mihogo, aliyekuwa amerudi kumsindikiza dadake, alishangaa.

Mteja wa mwisho alipotoka, Mama Chanuo alirudisha mlango na kuita uani.

"Njooni, nyote wawili."

Walikuja kama watoto walioitwa na mwalimu. Akaketi kwenye kigoda, akamwonyesha Muuza Mayai benchi lililokuwa nyuma yake. "Wewe nisuke, na uipinde mistari yako kama kawaida." Kisha akaonyesha mkeka miguuni pake. "Na wewe, kaa hapa."

Wakakaa kwa mstari, kama watu wanaopanda ngazi. Muuza Mayai alimsuka Mama Chanuo, Mama Chanuo akamsuka mkamwana. Nywele za binti zilikuwa nyingi na laini, na hilo nalo lilimchoma kidogo, Mungu amsamehe.

Mlango wa nyuma ukalia. Mwanawe aliingia na kifuko chake, akachungulia.

"Mke wangu, uko wapi? Aa, Mama! Kuna nini leo?"

Mke kwanza, mama baadaye. Vidole vya Mama Chanuo vilikaza wenyewe.

Papo hapo akavutwa kisogo kwa nguvu.

"Uwii! Unaning'oa!"

"Umeanza," Muuza Mayai alisema nyuma yake. "Ukivuta, navuta."

Mama Chanuo alishusha pumzi, akalegeza vidole.

"Nakuumiza, mwanangu?"

"Kidogo tu, mama."

"Sema nikivuta," alimwambia, na akaanza kukunja ncha kwa ndani. Kisha, bila kugeuza kichwa, maana asingeweza, akamuuliza mwanawe, "Na hicho kifuko, kina nini?"

"Karanga, mama. Mbona hukuuliza siku zote?"