Herufi Moja Iliyomtupa Saengdao Mkiani

Phetsamone, ambaye huku Paksong, juu milimani Laos, sote tunamwita Mone, ndiye fundi wa kompyuta ya ushirika wetu wa kahawa. Ufundi wenyewe alijifunza kwa kuharibu vitu vya watu mpaka vikaona haya, vikapona.

Kompyuta ililetwa kutuondolea aibu. Buni ikichumwa leo isipomenywa leo huchachuka, na mashine ya kumenya ni moja. Basi tulikuwa tunapigana makapu foleni nzima, mpaka mzee mmoja akapoteza jino. Kamati ikaamua: majina yapangwe kwa alfabeti, kila mtu angoje aitwe. Haki bin haki.

Haki hiyo ilikuwa na jicho la upande. Kila siku Saengdao, mama yake Mone, aliitwa mwisho, yeye na akina Kaew na akina Phet. Walifika mashineni jua limezama, umeme umekatika, buni inanuka kama pombe ya matanga.

"Msimu ukiisha hivi naing'oa mibuni yote," Saengdao akasema. "Napanda muhogo. Muhogo hauitwi kwa majina."

"Hung'oi hata mmoja, Mama."

"We fundi wa nini basi?"

Wanakijiji walikuwa na tiba zao. Wazee waliifunga kompyuta nyuzi nyeupe za kuita roho, kama bibi harusi. Wengine walikwenda hekaluni kuomba majina mapya yanayoanza na ko, herufi yetu ya kwanza, ambayo watoto huiimba "ko ya kuku". Kufumba na kufumbua kijiji kikawa banda la kuku: Kongkeo huku, Kongsy kule, na hakuna aliyeitika akiitwa.

Mone hakubadili jina. Alimega tonge la wali wa kunata, akalichovya kwenye pilipili, akakaa kuichokonoa mipangilio ya kompyuta. Akaliona kosa, na kosa lilikuwa lake. Zamani kila amri aliyoiandika kompyuta iliijibu kwa manung'uniko: Kilao nilichoambiwa nitumie hakipo kwangu. Akachoka, akafuata ushauri wa mtu asiyemjua mtandaoni: mahali pa lugha weka C, herufi moja tu. Manung'uniko yakakatika. Lakini C huiambia kompyuta isahau lugha za watu, ipange herufi kwa namba zake yenyewe.

Na sisi Walao tuna irabu zenye kiherehere. Zinatamkwa baada ya konsonanti lakini zinaandikwa mbele yake. Mtoto wa darasa la kwanza anajua Saengdao ni wa so, herufi ya sita. Kompyuta iliona ile "ae" iliyoandikwa mbele ya so tu, akina Kaew na akina Phet nao vivyo hivyo, na irabu za namna hiyo namba zake ziko nyuma ya konsonanti zote.

"Mama, ni mimi niliyekusukuma mkiani."

"Tangu tumboni ulikuwa unasukuma. Haya, nirudishe."

Kilao kilichopatikana kwa kompyuta ile kuukuu nacho kilipanga ovyo. Mone akaandika kanuni yake: kabla ya kupanga, irabu iliyotangulia irudi nyuma ya konsonanti yake. Akakosea, akafuta, akakosea vizuri zaidi, ikakubali. Akampelekea mwenyekiti wa ushirika, Mzee Kongmany, orodha mpya.

Mzee akapitisha kidole mpaka chini kabisa, kikaganda. Chini kabisa alikuwa Hongkham, mkewe.

"Hii haijapita kwenye kamati."

"Na ko kuitangulia so kulipita kamati gani, Mzee?"

"Mone, mwanangu, mimi nalala nyumba moja na huyu mwanamke."

"Na mimi nalala nyumba moja na Saengdao."

Asubuhi Mone akabandika orodha mpya mlangoni pa mashine, akasimama mbele yake, mikono kiunoni. Hongkham akaja na makapu yake.

"Nani kanipeleka mwisho?"

"Alfabeti, Mama."

"Alfabeti ya nani?"

"Yetu. Tuihesabu."

Foleni nzima ikaanza kuimba kama darasa la kwanza, ko ya kuku na kuendelea, Hongkham akikunja vidole. Vidole vikamwishia mara mbili, herufi yake haijafika. Ilipofika, zilibaki mbili tu. Akamgeukia mumewe.

"Kumbe ni kweli! Na wewe mwenyekiti mzima huna akili ya kusema kesho waanzie chini?"

"Kamati lazima ikae..."

"Kamati inakula kwangu. Mone, inawezekana?"

"Leo juu, kesho chini. Nitaiandika sasa hivi, ila leo tunaanza juu."

"Anza basi, unangoja nini?"

Akina Kongkeo walikuwa wengi, lakini jua lilikuwa bado halijafika utosini Mone alipoita, "Saengdao!" Mama yake akainua kapu mwenyewe, akakataa kusaidiwa, akalimimina lote. Buni ilikuwa bado nyekundu, ngumu. Maganda yakatoka upande mmoja, punje zenye utelezi upande wa pili. Saengdao akachukua moja, akainusa, akainusa tena.

"Hainuki pombe," akasema, na akaenda kuleta kapu la pili.