Ng'ombe wa Mvua na Mfalme wa Kina Padre

Jamani, nikilikumbuka hili hadi leo natamani kujifunika shuka usoni, maana aibu niliyoipata kijijini kwetu, karibu na Buigiri, wakati wa Mjerumani, niliistahili yote. Padre wetu Mwingereza alikuwa akihubiri, mimi namfasiria kwa Kigogo (kifua mbele, kanzu ya kuazima), akasema kijijini kwao aliwahi kulala mfalme mmoja wa kale aliyekuja kuwinda. Basi, kaishia hapo. Lakini watu walikuwa wanasinzia, mwaka ule uwele ulikauka ungali mchanga, nami nikaona niongeze chumvi kidogo: "Mfalme huyo kazikwa kwao, na Bwana huyu ni wa ukoo wake."

Loo! Kwetu mvua huombwa kwenye kaburi la mtemi, mfalme wetu, na anayeiomba ni mtu wa ukoo wake, akiletewa ng'ombe mweusi. Usingizi ukakatika. Jioni akanijia mjomba wangu Ndahani, aliyebakiwa na ng'ombe mmoja, mweusi tii, wa kwenda kubadilishana na Warangi kule Kolo apate mtama wa watoto.

"Mwanangu, ya mfalme huyo ni kweli?"

"Kweli, mjomba." (Ningesemaje, na watu wameshaanza kuniamkia kwa mikono miwili?)

Asubuhi kijiji kizima kikajaa kwa padre, wanawake na kaniki zao, mjomba mbele ameshika kamba ya ng'ombe. Padre akauliza wanataka nini, nikamweleza kuwa wanataka awaombee mvua kwa mfalme wa ukoo wake.

"Waambie mfalme alilala usiku mmoja akaenda zake. Baba yangu mimi ni fundi viatu."

Nikafasiri vivyo hivyo. Wachache wakacheka, wakamtazama mjomba, wakanyamaza.

Sasa, ng'ombe wa mvua akishatolewa zizini hauzwi wala harudi. Padre hakumtaka. Akabaki pale nje ya ua, hakuna aliyethubutu kumnywesha, mpaka akaanguka, na nyama yake ikaogopwa.

Mjomba hakunigombeza, na afadhali angenichapa. Alisema tu, "Ungeniambia, mwanangu. Mvua ningeikosa, lakini ng'ombe ningekuwa naye." Akaenda Kolo mikono mitupu kuomba mtama, hatukumwona tena.

Watoto wake nimewalea mimi, na moyo unaniuma kila nikiwapakulia. Nikiitwa kufasiri siku hizi nasema kilichosemwa tu, watu wasinzie wakitaka. Lakini binti yake mkubwa akiwepo, hunikazia macho mdomoni mpaka nimalize.