Kibati Nyuma ya Betri

Gari la baba halikuwa na jina. Lilikuwa dogo, la viti viwili, bodi yake ya faiba imejaa nyufa, na beji ya mbele iling'oka kabla sijazaliwa. Alipewa na tajiri wake wa Mau Narok, mkulima wa ngano aliyeuza shamba akarudi kwao. Baba alikuwa amemwendeshea matrekta maisha yake yote ya ujana, na kiinua mgongo kikawa hicho. "Hii ni gari ya maana," tajiri alimwambia. Baba akalifunika turubai nyuma ya nyumba yetu Bondeni, majirani wakacheka hadi wakachoka.

Alipopatwa na kiharusi, swali moja tu ndilo lililobaki kumsumbua: alituzwa, au alichezewa? "Mama," aliniambia, maana nimebeba jina la mamake, "itia fundi. Nataka kujua hii ni gari gani kabla niende."

Kwetu, familia ina fundi mmoja. Ukiita mwingine umemtukana, na mtaa mzima utajua kabla ya jua kutua. Wetu nilisoma naye darasa moja. Baba ndiye aliyemfundisha kushika spana, na alikula kwetu hata siku ambazo ugali haukututosha sisi wenyewe.

Alikuja Jumamosi asubuhi, akafungua boneti, akaanza kutaja spea moja moja. Ndivyo mafundi wetu wanavyolitambua gari: hawaulizi nani alilitengeneza, wanauliza spea za gari gani zitaliingia. Injini, ya pikapu. Giaboksi, ya pikapu hiyo hiyo. Taa za nyuma, za saluni. Vitasa, vya van.

"Siz, nikikuambia ukweli, hii si gari," alisema. "Ni githeri, mahindi na maharagwe chungu kimoja. Mtu aliokota spea za wenyewe akapika."

"Na kibati cha kiwanda?" baba aliita kutoka dirishani. "Angalieni nyuma ya betri."

Fundi aliinama, akakawia huko na bisibisi yake. "Hakuna kitu hapa, mzee."

Nilichungulia. Niliona matundu mawili ya skrubu, yanang'aa, hayana hata vumbi. Niliyaona kwa macho yangu na sikuuliza. Ningemuulizaje mtu niliyemhesabu ndugu?

Niliingia ndani nikamweleza baba. Hakubishana. Aligeukia ukuta. "Kumbe alikuwa ananicheka," alisema, kisha akaniagiza nitoe picha ya tajiri sebuleni. Hakumaliza mwezi. Fundi alijitolea kuliondoa lile takataka ili tupate nafasi ya hema la matanga. Nilimshukuru. Hata chapati nilimfungia za kubeba, Mungu anisamehe.

Mwaka jana nilienda Naivasha kwa harusi, na kwenye bustani ya hoteli ilikofanyika kulikuwa na maonyesho ya magari ya zamani. Nililiona kabla sijajua ninaangalia nini. Limepakwa rangi ya kijani, lina beji, lina jina. Ubao ulieleza kwamba kiwanda chake kilikuwa kidogo mno, kikiunda bodi na chesisi tu; injini, giaboksi, taa na vitasa kilinunua kwa kampuni kubwa. Yaani kila spea aliyoitaja kulihukumu ilikuwa mahali pake halali.

Fundi wetu alikuwa ameinamia boneti, amevaa koti safi, akiwafunza wageni. "Wengi wanadhani ni ya kuunganisha, juu ya hizi spea," alikuwa akisema. "Cha kuangalia ni hii kibati, hapa nyuma ya betri."

Akainua macho, akaniona. Mkono wake ulibaki juu ya kibati.

"Siz. Long time," alisema. "Mzee angefurahi kuiona hivi."

"Mzee alikuuliza," nilimwambia. "Alikuuliza kutoka dirishani, na ulimsikia."

Aliteremsha boneti polepole, na wageni wakasogelea gari jingine. Kikulacho ki nguoni mwako. Nilikuwa nimeusema msemo huo maisha yangu yote bila kuuhisi.

Gari abaki nalo. Nilichoshindwa kumsamehe ni kingine. Baba alikufa akimchukia mtu aliyemtuza kwa moyo mweupe, na uongo huo hakuupokea kwa fundi. Aliusikia kwa mdomo wangu, ndiyo maana aliuamini.