Teke la Bunduki ya Baba

Bega la mama lilikuwa limegeuka rangi ya zambarau. Nililiona alipokuwa anajifunga upya kitenge chake, uani kwetu Kigwa, kabla hajalificha. Na wala halikuwa bega hasa, maana alama yenyewe ilikuwa imeteremka hadi kwenye msuli wa mkono. Nyingine ndogo ilikuwa kwenye shavu, chini ya jicho. Nikamuuliza nani kampiga, huku tayari nimeshasimama kwenda kumtafuta huyo mtu.

"Kaa chini," mama akasema, akiendelea kuchambua karanga. "Ni bunduki ya baba yako."

Baba alikuwa amefariki mwaka uliotangulia na kuacha shamba la karanga na mahindi, baiskeli, na bunduki ya marisau aliyokuwa akiwafukuzia nguruwe pori. Nguruwe pori hawajui matanga. Mwaka huohuo walishuka shambani kama walioalikwa. Mama akafuatilia kibali mpaka kikaandikwa jina lake, akafundishwa kushika na kuhifadhi, akaanza kulinda mwenyewe. Mara nyingi hupiga kwenye kichuguu kilicho mwisho wa shamba, mlio unawatosha wale wanyama. Shida ni kwamba kila alipopiga, naye alipigwa.

Nilipiga picha lile bega nikamtumia kaka yangu mkubwa anayeishi Mwanza, jambo lililonifanya nisisemeshwe hadi jioni. Kaka alipiga simu papo hapo. Bunduki irudishwe polisi, shamba likodishwe, mama ahamie kwangu Tabora mjini, Kanyenye, ambako nina nafasi. Mama alimsikiliza hadi mwisho kisha akamwekea sharti. Kaka angekuja Pasaka. Akilikuta bega lina alama, mama atafunga mizigo bila kubishana. Akilikuta zima, anyamaze na asilirudie tena neno hilo.

Niseme ukweli, mimi nilitaka aje. Nimeishi peke yangu muda mrefu, na tangu baba afariki nilikuwa nikiwaza jinsi nitakavyorudi kutoka kazini nimkute mama kibarazani ananisema kwa kuchelewa. Lakini nina ugonjwa mmoja mbaya kuliko upweke, nao ni kutaka kujua. Kitu kikimwumiza mtu pale mwili unapokutana nacho, siwezi kukiacha. Ndiyo kazi yangu. Nashona makochi na viti vya magari, na nimeshawasikiliza madereva wengi wakilalamikia viuno vyao kiasi kwamba nikiona kiti, kwanza nauliza kinauma wapi.

Nikakichukulia kile kitako cha bunduki kama kiti. Mama naye akachangia wazo. Akasema nimtengenezee kitu kama ngata, ile anayojiviringia kichwani akibeba ndoo. Tulikubaliana mara moja, kwa kuwa Mnyamwezi na mzigo ni watu wanaojuana. Babu zetu walibeba pembe za ndovu kutoka huku hadi pwani, mabegani, na hadithi za nyumbani zinasema ngozi ya pale ilikuwa imekomaa kama ya kisigino. Kama kuna watu duniani wanaojua kulilinda bega, nikajiambia, ni sisi.

Kwa hiyo nikashona soksi nene ya ngozi, nikaijaza sponji laini kuliko zote nilizokuwa nazo, ile ya makochi ya maharusi. Nikaenda nayo Kigwa nikiwa na kiburi changu chote. Mama akaivika kwenye kitako, akasimama, akapiga kichuguu. Bunduki ilimtupa nyuma akakaa chini, pu, katikati ya matuta ya karanga. Alama mpya ikatokea juu ya ile ya zamani, kubwa zaidi.

"Umenitengenezea godoro," mama akasema akijipangusa vumbi, "ili teke lipate pa kulala kwanza."

Nilichukia. Sikumchukia mama, niliichukia ile sponji. Haikuniingia akilini. Kitu laini kikiwekwa kati ya mbao na nyama, nyama iumie zaidi? Nilirudi Kanyenye nikalijaza gunia pumba za mpunga, nikaliegemeza ukutani, nikaanza kuligonga kwa nyundo ya mbao, mara na sponji, mara bila sponji, huku majirani wakichungulia. Jirani wa duka la vipuri aliuliza kama lile gunia lina jina la mwanaume.

Aliyenifungua macho ni mteja wangu mmoja, mstaafu wa idara ya wanyamapori, aliyeniletea viti vya gari lake vishonwe. Ni Mzaramo. Kazi ilimleta huku akiwa kijana, akaoa, akabaki. Kwa hiyo ni mtani wangu, na hajawahi kukanyaga karakana yangu bila kunitania.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Leo Mnyamwezi anapigana na pumba? Mizigo imekwisha mjini?"

"Mizigo ipo. Nasubiri Mzaramo mmoja amalize kucheza ngoma anisaidie kuibeba."

Alicheka, kisha nikamweleza habari za mama. Akaacha utani. Akaniomba ufagio wa mti mrefu, akaushika kama bunduki.

"Mzigo na teke ni vitu viwili," alisema. "Mzigo ukishakaa begani umekaa, unauwekea ngata laini na unatembea. Teke linakuja mbio. Ukiliwekea kitu laini sana, unalipatia uwanja wa kukimbilia. Sponji inajikunja yote, halafu mbao inafika ikiwa na kasi yake. Na mama yako akiamini ile sponji, hashiki kwa nguvu. Bunduki isiyobanwa begani haisukumi, inapiga."

Hapo nikajisikia mjinga, maana jambo hilo nilikuwa nalijua kwenye viti. Kiti cha lori ukikijaza sponji laini, dereva anafurahi pale dukani. Akifika kwenye makorongo anakaa juu ya chuma.

Tulizungumza mpaka chai ikapoa. Nilimwuliza kila kitu. Kwa nini bunduki za zamani kitako chake kimepinda kwenda chini? Akasema kupinda huko ndiko kunakoifanya irushe mdomo juu na kumpiga mtu shavuni. Kitako kilichonyooka hulipeleka teke moja kwa moja nyuma, na shavu linapona. Kwa nini kingine kiwe chembamba na kingine kipana? Akaniuliza kama nimewahi kukanyagwa na kisigino cha kiatu cha harusi, halafu nikakanyagwa na kandambili, mtu ni yuleyule. Akasema siku hizi kuna vitako vyenye springi ndani, na vingine vina kitu kama shokapu ya pikipiki, bunduki inarudi nyuma taratibu ndani ya kitako chake yenyewe. Hilo lilinimaliza. Nilikwenda kwa mafundi wa bodaboda nikaomba shokapu iliyokufa, nikaifungua mezani, nikapaka mafuta kila mahali ikiwa ni pamoja na kochi la mteja. Nilianza kuchora jinsi ya kuiingiza kwenye mbao. Mzee alipoona mchoro alitikisa kichwa.

"Unataka mama yako alinde karanga au asafiri? Anza na mkono wake. Muulize kidole chake kinafika wapi."

Akanionyesha jinsi ya kupima. Mtu anakunja mkono, kitako kinakaa ndani ya kiwiko, halafu unatazama kama kidole kinafikia kifyatulio bila kujinyoosha. Kama hakifiki, kitako ni kirefu mno. Mwenye bunduki ndefu mno hulazimika kuisogeza nje ya bega, na teke linamkuta mkononi. Nikakumbuka ile alama ya mama ilipokuwa. Na soksi yangu ya sponji ilikuwa imekirefusha kitako zaidi.

Mama alikwenda kuuliza polisi kwanza. Askari anayehusika na silaha alimwambia mbao irekebishwe tu, mradi mtutu na namba visiguswe na kazi ifanyike mbele ya mwenye kibali mwenyewe. Basi nikabeba msumeno, tupa, msasa na gundi hadi Kigwa. Nilikuwa na kipande cha raba ngumu ya tairi pia, nilichopewa na fundi wa viatu vya katambuga baada ya kuvijaribu vipande vyake vyote kwenye gunia langu. Mama aliitoa bunduki, tukahakikisha haina kitu ndani, mtutu tukauweka kando. Akakunja mkono. Kidole chake kilisimama hewani, mbali na kifyatulio kwa upana wa vidole vitatu.

Baba alikuwa mrefu, mwenye mikono ya kufikia dari. Kitako kile alikichonga mwenyewe kwa mninga baada ya kile cha kwanza kupasuka.

"Tunakata hapa," nikasema nikichora mstari kwa penseli. "Halafu huku juu naongeza ngozi, ili shavu lako likae mahali pake."

Mama akaweka kiganja juu ya ile sehemu ya juu. Mbao pale ilikuwa imeng'aa kuliko kwingine, imelainika bila msasa wowote. Ni shavu la baba lililofanya vile, miaka yote ile.

"Hapa usiguse," akasema.

"Mama, nisipogusa hapo utaendelea kupigwa usoni."

"Nimesema usiguse. Na usikate."

Nilipandisha sauti. Nilimwambia mbao ni mbao, na Pasaka inakaribia, na kaka hana mchezo. Mama aliingia ndani, na mimi nikabaki uani na msumeno wangu, nimekasirika kwa sababu nilikuwa sahihi na haikunisaidia chochote. Nilikuwa nimeshaanza kukusanya vifaa alipotoka na jembe lake. Akalilaza kwenye mkeka kando ya bunduki. Mpini wake ulikuwa mfupi, mfupi kuliko wa mtu yeyote pale kijijini.

"Huu alinikatia baba yako," akasema. "Kila uliovunjika alikata mwingine, na kila mara alinisimamisha kwanza, akanipima kwa macho. Hakuniacha hata siku moja nilime na mpini wake. Alisema utanivunja mgongo." Akaigeukia bunduki. "Hii bunduki hakuikata kwa sababu hakufikiri nitabaki nayo peke yangu. Kata, mwanawane."

Nilikata. Yeye ndiye aliyeshikilia mbao isicheze, na alikuwa analia bila kujificha, na mimi pia. Baadaye niligundisha raba, pana kuliko kitako chenyewe, nikaipiga tupa mpaka ikafuata umbo la bega lake. Ile ngozi ya shavuni niliipa kamba za kufunga na kufungua badala ya kuigundisha, ili akitaka kuishika mbao aishike. Hilo hakuniomba.

Akasimama shambani. Nilimkumbusha aibane begani kama anayembana mtoto anayetaka kumponyoka. Akapiga kichuguu. Safari hii hakukaa chini, wala hakurudi nyuma zaidi ya unyayo mmoja. Akageuka akinitazama kwa mshangao.

"Imenisukuma tu," akasema. "Haikunipiga."

Kisha akataka kupiga tena, na tena, mpaka nikamwambia risasi zinauzwa.

Kaka alifika Jumamosi Kuu na mchele, mafuta, na maneno aliyoyaandaa njia nzima. Hata maji hakuyamaliza. Mama akashusha kitenge mwenyewe, akamgeuzia bega. Kaka akalibonyeza kwa kidole gumba, huku na huku, kama mtu anayenunua embe. Lilikuwa bega la mama mzee, jeusi, zima. Hakuna aliyelizungumzia tena. Tulikwenda kanisani, tukala, na mama alicheka sana siku ile, akamsimulia kaka jinsi alivyokalishwa kwenye karanga na godoro langu.

Tulipoondoka alitusindikiza mpaka barabarani, akanikabidhi michembe ya viazi vitamu vilivyokaushwa na karanga, akanikumbusha nisichelewe kula. Halafu akageuka kurudi. Alitembea haraka, jua lilikuwa linashuka na shamba lilikuwa linamsubiri. Kaka alimtazama mpaka akapotea nyuma ya mahindi.

"Wewe si ulitaka akae kwako?" akaniuliza. "Nilidhani tuko upande mmoja."

"Nilitaka. Bado nataka."

"Basi kwa nini ukamtengenezea?"

"Kwa sababu ilikuwa inampiga," nikamjibu, na nikaanza kulia palepale mbele ya dereva wa bodaboda.